Mwalimu Aliyerudi Akisukuma Baiskeli

Wenzangu, leo nimejivua nguo mbele ya kijiji kizima. (Nasema kwa mafumbo. Nguo zilibaki mwilini, tena nilizishona mwenyewe. Kilichobaki Myanga ni heshima.)

Niko saiba hapa Kitale. Mtandao unakokota miguu, nina matope hadi magotini, na huyu jamaa wa mashine ya pili amesogeza kiti chake mbali nami. Naandika haraka kabla sijaanza kuikana hadithi yangu mwenyewe.

Kwa wageni waliojiunga na kundi letu juzijuzi: mimi ni Wairimu, fundi wa nguo, cherehani yangu iko barabara ya msikitini. Sheria ya kundi mnaijua. Kila mtu anasikiliza habari za redio, anachagua neno moja la wiki, analitafutia asili yake, na kabla ya Jumapili lazima awe amelitumia mbele ya watu. Wiki ile ya kesi kubwa, mimi ndiye niliyewaletea hukumu, hakimu, mahakama na hekima, nikawaonyesha kwamba hao wote wamenyonya titi moja. Mlinisifu sana. Sifa zile ndizo zilizoniponza.

Neno langu la wiki hii nililitoa kwenye habari ya barabara fulani iliyopewa jina la kiongozi. Sitalitaja sasa. Likifika zamu yake mtalisikia kama nilivyolisikia mimi. Ila jueni kwamba ni neno ambalo nimelisikia tangu utotoni, kila mara likitangulia jina la mtu mkubwa, nami siku zote nikalichukua kuwa ni cheo, ndugu yake Mheshimiwa. Kamusi yangu haikunisaidia. Niliinunua kando ya barabara ikiwa tayari imetumika, na inaruka kutoka gwaride hadi ibada. Hapo katikati panya walikula wakashiba.

Basi nikavuka barabara kwenda kwa jirani yangu Mama Zuhura, anayekaanga mahamri na ambaye amesoma chuo cha Kurani tangu akiwa mdogo. Nikamuuliza neno hili kwa Kiarabu lina maana gani. Alikuwa anageuza mahamri kwenye mafuta, hata hakuniangalia.

"Hilo ni uhai," akasema. "Maisha."

Nikashukuru nikaondoka mbio, kabla hajaniuliza nataka kulifanyia nini. (Hapo ndipo mngenifunga breki.)

Sasa niwaambie kuhusu Mwalimu Wanyonyi. Ndiye aliyenifunza Kiswahili pale Ndalu, mimi mtoto wa watu waliohamia kutoka Nyeri, nikiingia darasani bila hata neno la kuombea maji. Alikuwa mkali kwa matamshi. Sisi wa Kikuyu alitukomesha kuongeza n mahali isipotakiwa, na wenzetu Wabukusu akawakomesha kubadilisha l na r. Alipostaafu alirudi kwao Myanga, akaanza kufundisha wazee na akina mama kusoma, bila malipo, mpaka magoti yakamkatalia. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwambia asante, aweke chaki chini. Wanafunzi wa zamani tuligawana kazi. Wengine turubai, wengine sufuria. Mimi nilipewa keki na tangazo la redio.

Tangazo nililiandika kwa mkono wangu na nikalichapa pasi kama kola ya shati. Nikaona, kwa nini nitafute mbali? Neno la wiki hili hapa, na mzee wa kuheshimiwa huyu hapa. Nikaliweka mbele kabisa ya jina lake. Mtu aliyetupa uhai wa lugha, aitwe kwa neno la uhai. Niliposoma tena nilisikia hata nywele zikinisimama kwa uzuri.

Wakala anayepokea matangazo ya redio hapa mjini alilisoma polepole, akavua kofia, akanitazama kwa upole mwingi. "Pole sana, dada," akasema.

Nilidhani ni kwa sababu ya mvua iliyokuwa imeninyeshea. Nikamwambia tumezoea.

Haya. Leo Jumamosi nimeondoka Kitale alfajiri. Nimevaa gauni la manjano lenye maua makubwa, la kuonekana kutoka mlimani. Keki mapajani, ndani ya katoni, juu yake imeandikwa kwa sukari ya buluu: MWALIMU PUMZIKA. Dereva alikuwa na kaseti moja tu ya nyimbo za kanisani na aliizungusha mpaka Bungoma, kwa hivyo habari za saa moja sikuzisikia. Nililala. Nilibadilisha gari Bungoma nusu usingizini, na kama saa tatu hivi nikashuka Myanga.

Nilijua kuna kitu kabla sijajua ni kitu gani.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ukungu ulikuwa bado umelala chini, ukungu mzito wa kukata kwa kisu. Soko la Jumamosi, lakini hakuna kelele. Maduka yamefungua mlango mmoja tu. Watu wamesimama wawili wawili, mikono kifuani. Nilisalimia kundi la kwanza, hakuna aliyeitika. Nilisalimia la pili, wakanitazama gauni. Mbwa mmoja alikuwa amekaa katikati ya barabara na hakuna aliyemfukuza.

Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alinipima kutoka shingo hadi pindo. Kisha akaipima katoni.

"Unaenda kwa Mwarimu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo manjano?"

Kabla sijajibu alifungua leso yake kiunoni, leso nyeusi yenye madoa meupe, akanizungushia mabegani akaifunga fundo kama anayemfunga mtoto. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Mwarimu ametuacha," akasema. "Ledio imesema asubuhi."

"Ametuacha akaenda wapi?" nikauliza.

(Ndiyo. Niliuliza hivyo.)

Hakunicheka. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu alitoka nyumbani gizani, akapanda gari la kwanza kwenda Bungoma kunyolewa ili awe nadhifu kwa ajili ya wageni. Simu hana, hataki. Hakurudi. Saa moja ilipofika, redio ikamtangaza. Nyumbani hawajui ni gari lilimgonga au ni moyo. Mwili haujafika. Shemeji yake ameenda Bungoma kuuliza hospitalini.

Nilimwona Mwalimu akiwa amesimama mlangoni pa darasa letu la Ndalu, suruali imefungwa kwa kamba ya katani, akirudia neno moja mara kumi mpaka tulishike. Machozi yakaanza yenyewe. Nilitaka kurudi Kitale. Lakini mtu hawezi kufika matangani akageuka na keki yake.

Mama wa ndizi akanionyesha njia ya mkato katikati ya mahindi. Dakika kumi, akasema, fuata vilio.

Na kweli vilikuwepo. Kilio kinapanda kutoka upande wa nyumba, kinakaa juu kidogo, kisha kinakatika, na kimya kinachofuata ni kibaya kuliko kilio. Mahindi yalikuwa yamenipita kichwa. Majani maji maji yalinigusa shavu kila hatua, na mbele sikuona zaidi ya hatua tano. Bibi yangu, aliyekuwa ameyaona mengi, alituonya tukiwa wadogo: ukiitwa kwa jina ndani ya mahindi na usimwone anayekuita, usiitike. Huwa simwamini bibi. Leo nilimwamini hata kabla sijaitwa.

Ndipo nikasikia, nyuma yangu: tiki, tiki, tiki, tiki.

Nikasimama. Ikasimama.

Nikatembea. Tiki, tiki, tiki.

Hakuna mlio wa viatu. Hakuna pumzi. Ni hiyo tiki tiki tu, ya polepole, kama saa ya ukutani inayotembea kwa miguu. Niligeuka. (Sijui kwa nini. Katika hadithi zote anayegeuka ndiye anayejuta.) Ukungu ulikuwa mweupe, na ndani ya ukungu kulikuwa na kitu cheupe zaidi. Kikawa kichwa. Kichwa kinang'aa, hakina nywele hata moja, na uso wake wote mweupe kama unga wa mahindi. Chini ya uso kulikuwa na suti nyeusi mpya, ya aina ile ile ninayoshonea marehemu. Na chini ya suti, miguu mitupu.

Kikanitazama. Midomo ikafunguka.

"Wailimu," kikasema.

Nami, pamoja na mafunzo yote ya bibi, nilisimama wima, visigino pamoja, nikaitika kama tulivyoitika daftari la mahudhurio miaka ile yote: "Nipo, Mwalimu!"

Hapo hapo nikajua nimekwisha. Nimeitika. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ya kuku. Nikakaa chini kwenye matope na gauni langu la manjano, nikaikumbatia katoni kama ngao, na nikaanza kuomba kwa Kikuyu, maana nilidhani Kiswahili anakijua mno.

Hakusogea. Alisimama pale akiwa ameshika usukani wa baiskeli. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia tiki tiki, mnyororo wake. Viatu vyake vilikuwa vimening'inia kwenye usukani kwa kamba, visichafuke.

"Wailimu," akasema tena, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko mimi. "Usikimbie na wewe. Kila mutu amekimbia."

Mutu. Wailimu. Mwalimu Wanyonyi, aliyetupiga marufuku hayo matamshi maisha yetu yote. Sijui mizimu huongea vipi, lakini nilijiambia kwamba mzimu wa Mwalimu Wanyonyi ungetamka r yake sawasawa. Ni mtu aliye hai tu anayeweza kuogopa mpaka akarudia ulimi wa mama yake.

Alinieleza akiwa amesimama pale pale, hakuthubutu kunikaribia. Alinyolewa vizuri, kinyozi akampaka poda nyingi kwa heshima ya siku. Alipanda gari kurudi, akashuka njia panda. Mwenye baiskeli ya boda boda aliyekuwa pale akamtazama, akatupa baiskeli, akatokomea kwenye ukungu bila neno. Akaona si vizuri kuacha mali ya mtu barabarani, akaanza kuisukuma. Alimsalimia mama mmoja, mama akajifunika leso usoni. Alibisha hodi kwenye duka moja kuuliza kuna nini, akasikia komeo likisukumwa kwa ndani. Ndipo akaingia kwenye mahindi, akaanza kusikia vilio. Vinatoka kwake. Na jina linaloliliwa ni lake.

"Nimesimama huko nyuma kitambo," akasema. "Nimejiuliza. Labda lile gari lilipata ajali na mimi sikujua. Watu husema mwenyewe huwa wa mwisho kujua." Akanyoosha mkono kupitia ukungu. "Nishike mukono, Wailimu. Uniambie kama niko na joto."

Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Niliweka keki chini. Nilifumba macho, nikanyoosha mkono, nikangoja kukuta hewa.

Ulikuwa na joto. Ulikuwa na joto, na kucha zilizokatwa, na vumbi la chaki kwenye mistari ya kiganja ambalo nadhani halitatoka kamwe. Nikamwambia. Akavuta pumzi ndefu sana, akajipangusa uso kwa kitambaa, na poda ikatoka mistari mistari.

Tukaenda pamoja. Mimi mbele na katoni, yeye nyuma na baiskeli.

Kabla ya kufika uani njia inapita kando ya migomba, na pale kando ya migomba palikuwa na vigingi vinne vipya, vimeunganishwa kwa kamba. Mtu alikuwa ameshapima. Mwalimu alisimama akavitazama kwa muda.

"Wamenichagulia mahali pazuri," akasema. Lakini hakucheka, na mimi sikucheka.

Tulipotokea, kilio kilikatika kama redio iliyong'olewa betri. Turubai lilikuwa limesimama, viti vimepangwa, sufuria zinachemka, kila kitu kilichoandaliwa kwa sherehe kikiwa kimegeuka matanga bila kuhamishwa hata kimoja. Watu labda mia. Walimwona, na kwa muda hakuna kilichotikisika isipokuwa moshi. Kisha viti vikaanguka. Watu walipita juu ya ua, chini ya ua, na mzee mmoja mnene alipita katikati ya ua.

Aliyebaki ni mmoja. Mama Nafula, mke wake, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa. Hakuinuka. Alimtazama kuanzia kipara hadi vidole vya miguu.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Wanyonyi."

"Asubuhi ukitoka nilikwambia nini?"

Mwalimu akafikiri. Nilimwona akitafuta, kama mwanafunzi aliyeshtukizwa na swali.

"Uliniambia ninunue chumvi."

"Iko wapi?"

Kuku mmoja akapita kati yetu.

"Nimesahau," akasema Mwalimu.

"Ni yeye," akasema Mama Nafula, akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia upya, safari hii bila sauti kabisa.

Watu wakarudi mmoja mmoja, wakimgusa bega kwanza kwa kidole. Dada yake Mwalimu, mama mzee wanayemwita Senge, akasema mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mlango wa mbele, apitie mlango wa jikoni, tena kinyumenyume. Mwalimu ni mtu wa vitabu. Nilitegemea abishe. Alitii, akaingia akiwa ametuelekezea uso, akitutazama mpaka giza la jikoni likammeza, na mwili wangu wote ukasisimka tena.

Alipotoka kwa mlango wa mbele amevaa viatu, hofu iligeuka hasira. Sasa kila mtu alitaka kujua: ni nani aliyemtangaza?

Na hapa, wenzangu, ndipo nilipoinuka. Hakuna aliyeniita. Niliinuka mwenyewe, na leso yangu ya matanga mabegani. Nilisema kwamba mtu anayeweza kumuua mzee kama huyu kwa redio ni mtu asiyefaa kupewa hata kalamu. Nikasema huyo ni mjinga au ni mchawi, na kama ni mjinga basi ni hatari kuliko mchawi. Nikasema akipatikana asimame hapa hapa mbele ya Mwalimu ajieleze. Nikapigiwa makofi. Mzee aliyepasua ua alikuja akanipa mkono. Nilikuwa nimeongea Kiswahili safi, hata Mwalimu alitikisa kichwa kukubali.

Mtu mmoja akasema matangazo hurudiwa baada ya habari za saa nne, na zimebaki dakika chache. Redio ikaletwa, ikawekwa juu ya meza kando ya keki. Watu wakakaa. Mwalimu alipewa kiti cha mbele. Alikaa ameweka mikono juu ya magoti, akingoja kutangaziwa kifo chake, na hakuna mtu aliyekohoa. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Ukaingia chini ya turubai taratibu ukakaa nasi.

Habari zikaisha. Ukapigwa ule muziki wa kinanda wa huzuni, ule ambao ukiusikia unahesabu jamaa zako. Kisha sauti ya mtangazaji, nzito, ya pole:

"Hayati Mwalimu Wanyonyi wa Myanga."

Senge akashika mkono wa Mwalimu kuhakikisha.

"Wanafunzi wake wote, wa zamani na wa sasa, mnaombwa mkusanyike nyumbani kwake leo Jumamosi, kumpa heshima, mwisho wa kazi yake njema..."

Nikafikiri: mjinga huyu, lakini anaandika vizuri.

"...Mti aliyoupanda mioyoni mwetu hautanyauka..."

Ah.

Kuna baridi inayotoka nje na kuna baridi inayotoka ndani. Hiyo ya ndani ilianzia kisogoni ikashuka mpaka kwenye nyayo. Ule "mti aliyoupanda". Lile kosa la sarufi ni langu. Naliandika kila mara, na kila mara yeye alikuwa akilipigia mstari mwekundu.

"...Msikose. Chakula kitakuwepo. Tangazo hili limeletwa na mwanafunzi wake mpendwa, Wairimu, fundi wa nguo, Kitale."

Muziki ukarudi. Vichwa viligeuka, si kwa pamoja, bali kimoja kimoja, safu ya mbele kwanza, kisha ya pili, mpaka wa mwisho kabisa kule kwenye sufuria. Senge aliuliza kwa Kibukusu ni nani huyo Wairimu. Mama Nafula akanionyesha kwa kidevu.

"Wairimu," akasema Mwalimu. R yake ilikuwa imerudi. "Simama."

Nilikuwa nimesimama tayari. Sikuwa nimekaa tangu nihutubie.

"Hayati maana yake nini?"

"Uhai, Mwalimu."

"Nani alikwambia?"

Nikaeleza yote. Habari za barabara, kundi letu, panya, Mama Zuhura na mahamri yake. Nilieleza nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilisema nilidhani ni cheo, kwamba maskini akifa huitwa marehemu, na mkubwa akiwa hai huitwa hayati. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akanyamazishwa.

Mwalimu hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Aliinuka, akaegemea meza, akafundisha. Alisema Mama Zuhura hakukosea, neno limetoka huko kwenye uhai. Marehemu naye ametoka kwenye rehema, ni yule tunayemwombea arehemewe. Kisha akasema, na hili nimeliandika kwenye kifuniko cha katoni ya keki kwa kukosa karatasi: "Mtu akiwa na uhai wake hatumpi jina la uhai. Anao. Tunampa ukishamtoka, kama mtu anayeita jina la kitu kilichopotea."

Akaniambia nitoe sentensi tatu zenye neno hayati, zilizo sahihi, mbele ya wote. Wale akina mama wake wa gumbaru, darasa lile la watu wazima, walijipanga mbele kunisikiliza, daftari mkononi. Ya kwanza nilitumia yule kiongozi wa barabara. Ya pili nilimtumia bibi yangu. Ya tatu niliitafuta, na watu mia wakaningojea.

"Hayati Wairimu," nikasema mwishowe, "alikuwa fundi wa nguo mjini Kitale, na alipenda sana kusikiliza habari."

Mwalimu akacheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Ndipo wengine wote wakacheka, na sherehe ikawa sherehe. Keki ilikatwa, ingawa Mama Nafula alikwangua kwanza yale maandishi ya buluu kwa kisu, herufi moja baada ya nyingine, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kula.

Baadaye Mwalimu aliniita kando ya migomba. Alikuwa anang'oa vile vigingi. Aliniambia kwamba aliposimama kwenye mahindi alitambua kila sauti iliyomlilia. Iliyomzidi nguvu haikuwa ya ndugu yake. Ilikuwa ya jirani wa mpaka, yule waliyekosana kwa ajili ya ua na hawajasalimiana miaka mingi. Alikuwa akilia kama mtoto, akisema nisamehe, Wanyonyi, nisamehe.

"Leo nzima hanitazami," akasema Mwalimu. "Anaona aibu nimesikia. Kesho nitaenda kwake mapema. Nitajifanya sikusikia."

Nilitaka kumwambia basi kosa langu limezaa jema. Alinitazama usoni, nikainama kumsaidia kung'oa.

Kisha akaniomba jambo moja tu. Nirudi Kitale mapema, nihakikishe tangazo halirudiwi tena. Nikatoka mbio. Nikafika kwa wakala saa kumi na moja, mlango umefungwa kwa kufuli mbili. Mwenye duka la jirani akaniambia Jumamosi hufunga saa sita, anarudi Jumatatu. Nikamwambia shida ni tangazo la Mwalimu, na yeye, akidhani nimefiwa, akanipa pole, akasema nisiwe na wasiwasi. Redio ile ina utu, akasema. Tangazo la wafiwa husomwa mara mbili kwa malipo, na mara ya tatu, Jumapili asubuhi, hulisoma bure.

Kwa hivyo kesho, baada ya habari za saa moja, Mwalimu Wanyonyi atafariki tena. Mwenye jamaa upande wa Bungoma ampigie simu jioni hii, amwambie asilie. Na mkimaliza kupiga, ndipo mnicheke.